Robo Mzunguko wa Skrubu

Miaka kumi na tisa nilimngoja Fundi Sikio akosee mbele ya watu. Sikumngoja kwa hasira ya kupasua sahani, maana sahani ni zangu na kununua nyingine ni mimi. Nilimngoja nikishona. Kiti cha mbele, kiti cha nyuma, kiti cha dereva kilichotobolewa na makalio ya watu wazito, nashona huku namtazama.

Kazi yangu ni viti vya magari. Cherehani yangu iko kwenye kona ya yadi ya mafundi, chini ya bati, nami hukaa nimeupa uwanja mgongo ili mwanga uniangukie kwenye kitambaa. Mbele ya cherehani nimefunga kioo cha pembeni cha gari lililokufa zamani. Watu wanadhani ni cha kujitazamia. Nijitazame nini mimi, nimeshajijua. Kioo kile kinanionyesha yadi nzima bila kugeuza shingo, na mtu akiona mgongo wa bibi kizee hujiona yuko peke yake.

Fundi Sikio ndiye mkubwa wa yadi. Ndiye anayegawa nafasi, ndiye anayesema nani abaki na nani afungashe. Jina lile alilipata kwa sababu anatengeneza injini kwa kusikiliza. Huinama juu ya injini, akashika ncha ya sikio la kulia kwa vidole viwili, akalivuta kama anakamua ndimu, macho kayafumba. Kisha bisibisi inaingia, skrubu inazunguka robo, basi.

"Tayari," husema. "Mwambieni mwenyewe alichukue."

Tena alikuwa na desturi yake. Hakuna gari lililotoka yadini bila mkono wake kuwa wa mwisho. Hata kama umelihangaikia wewe siku tatu mpaka kiuno kimekataa kunyooka, yeye hupita, huvuta sikio, huzungusha skrubu robo. Mafundi waliita kutia sahihi. Waliona ni heshima kubwa, na mume wangu naye, Mungu amrehemu, aliona ni heshima.

Mume wangu na Sikio walifanya kazi kwenye meza moja, wakitumia jiliwa moja, lile dude la chuma la kubania vyuma. Jiliwa lilikuwa la mume wangu. Alikuja nalo begani siku ya kwanza, na nikamkanda bega wiki nzima. Sikio alimwita kaka, nami akaniita shemeji. Siku moja mume wangu akamaliza injini ya lori la mjenzi mmoja. Sikio akaja, akatia sahihi. Siku ya pili yake lori likazima barabarani, na injini ilipofunguliwa pistoni ilikuwa na tobo unaloweza kupitisha kidole.

Watu wote wakamgeukia Sikio, maana neno lake ndilo lililokuwa neno. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema, "Kaka siku hizi mkono wake umelegea."

Hayo tu. Maneno sita, na mume wangu hakupewa tena spana na mtu yeyote. Alimaliza maisha yake akilinda geti la duka la mbao, mikono mfukoni. Mikono ile! Ningeweza kumsamehe Sikio mengine, lakini kuona mikono ile imekaa mfukoni mchana kutwa kama ya mtu aliyeiba, hapana. Jiliwa likabaki kwenye meza ya Sikio. Mimi akaniambia, "Shemeji, wewe kaa na kona yako, sisi hatuna ugomvi." Nikamshukuru. Shukrani ile niliimeza kama mafuta ya mbarika, na bado iko hapa kooni.

Sasa mjukuu wangu.

Huyu ni binti wa kitinda mimba wangu. Alisomea injini chuoni, akaja yadini na kompyuta mkobani na vidole vyembamba vinavyofika mahali ambapo mafundi wengine hulazimika kufungua nusu ya gari. Siku ya kwanza tu wakambatiza Kibodi. Nikasema afadhali Kibodi kuliko majina mengine yaliyomo humu; yuko mmoja anaitwa Sufuria na hakuna anayekumbuka kwa nini.

Kibodi alikuwa na sensa, kitu kidogo kama plagi ya injini. Anaifunga kwenye bomba la ekzosi, waya wake unaingia kwenye kisanduku, kisanduku kinaingia kwenye kompyuta.

"Inafanya nini?" nilimuuliza.

"Inanusa moshi, Bibi. Halafu inaniambia injini imekula hewa kiasi gani kwa petroli kiasi gani."

"Hata mimi nikikunusa mdomo nitajua umekula nini."

"Ndiyo hivyo hivyo. Gari likiwa limetulia, inatakiwa iseme kumi na nne nukta saba. Yaani vipimo kumi na vinne na ushee vya hewa kwa kimoja cha petroli. Likipanda mlima na mzigo, namba ishuke, kumi na mbili na kitu, maana hapo injini inaongezewa petroli isiungue. Ukiona mlimani namba inapanda badala ya kushuka, ujue hewa imezidi, na pistoni iko kwenye tanuri."

Nilimwelewa mara moja. Ni sawa na uzi wa juu na uzi wa chini wa cherehani. Mmoja ukizidi kukaza, kitambaa ndicho kinachokiona cha moto.

Sikio aliiangalia ile kompyuta kama mtu aliyewekewa nyoka mezani. Akatangaza mbele ya watu wote, "Gari lililoguswa na hilo dubwana mimi siligusi. Nimeapa. Lisije likatoka bovu mkasema Sikio kazeeka." Mafundi wakacheka. Mimi nikajiambia, huyu? Aache gari litoke bila kutia sahihi? Mkono wake ungeota majipu.

Kazi kubwa ya kwanza ya Kibodi ilikuwa gari la Bwana Mikate. Huyu ana tanuri la mikate na magari matatu ya kusambazia, yote ya aina moja, yote yamechoka. Kibodi akalishughulikia la kwanza siku mbili. Akafunga sensa, akaendesha, akarudi uso unang'aa. Gari likalala yadini usiku mmoja, asubuhi likachukuliwa.

Siku nne baadaye likavutwa kwa kamba kurudi, limejaa mikate iliyokauka. Pistoni ina tobo.

Sikio alikuja polepole, akachungulia, akatikisa kichwa kwa masikitiko yale yale niliyoyajua. "Mtoto bado mkono wake haujakaza," akasema.

Sindano ya cherehani iliingia kwenye kidole changu na sikuisikia. Nilipoangalia, kitambaa cha kiti kilikuwa na damu, na kilikuwa kitambaa cheupe cha mtu mwenye maringo.

Jioni ile Kibodi alilia nyumbani, analia na sahani mkononi. "Bibi, namba zilikuwa nzuri! Nilizitazama mwenyewe. Mlimani ilisema kumi na mbili nukta nane."

"Ziko wapi?"

"Zilipita kwenye skrini."

"Zikapita zikaenda wapi?"

Akaiweka sahani mezani. Nikamngoja.

"Sikubonyeza kurekodi," akasema. "Nilizitazama tu. Nilikuwa nimefurahi."

"Wewe," nikamwambia, "umesoma kote kule, umenunua mashine ya kuandika, halafu ukaitazama kama mtu anayetazama mvua dirishani? Babu yako hakuwa na cha kuandikia, ndiyo maana amekufa na kosa la mtu mwingine. Wewe unacho! Kula. Kesho tunaanza kuandika."

Bwana Mikate ni mtu wa haki, ingawa mikate yake ina hewa nyingi kuliko injini ile. Akasema atampa Kibodi gari la pili, siku ya Alhamisi, na yeye mwenyewe atakuwepo. Likitoka zima, magari yote matatu ni ya Kibodi kuyatunza. Likiharibika, anahama yadi. Sikio akadakia palepale, "Na mimi likiharibika, ile nafasi nampa mpiga rangi. Kazi si mchezo." Tayari alikuwa amemwonyesha mpiga rangi pa kuweka makopo.

Tulikuwa na siku sita. Katika siku hizo sita ndipo nilipogundua jambo ambalo ningelipa viti kumi kulijua mapema.

Mkasi wangu mkubwa uliniponyoka. Ni mkasi wa chuma kitupu, ukianguka kwenye saruji unalia kengele. Paka alikimbia. Sufuria aligonga kichwa kwenye boneti akatukana. Sikio, aliyekuwa hatua tatu kutoka kwangu, ameupa mkasi kisogo, aliendelea kufuta bisibisi yake, hata kope haikucheza.

Nikauokota mkasi. Nikamsogelea. Nikauangusha tena.

Kimya.

Basi nikawa daktari. Siku tatu nilimfanyia uchunguzi wa bure. Sauti nzito alizisikia vizuri, lori likinguruma aligeuka. Sauti nyembamba, hakuna. Filimbi ya birika, hakuna. Na upande wa kushoto ndiko kulikokufa kabisa. Nilipita kushoto kwake nikiwa na uso wa kumjulia hali, nikamwambia taratibu, "Wewe mzee umekaa kama gunia lililosahauliwa mvuani."

Akatabasamu. "Salama tu, shemeji."

Nilikwenda nyuma ya choo kucheka, maana ningecheka hadharani ningeharibu kazi.

Nikamuuliza Kibodi, "Injini ikiungua kwa hewa nyingi, inaliaje?"

"Inalia ting, ting, ting. Kama kokoto kwenye kopo. Sauti nyembamba, Bibi, unatakiwa uwe na sikio zuri."

Hapo nikakaa chini. Kumbe Fundi Sikio alikuwa anaipunguzia petroli injini mpaka mngurumo umpendeze, na ule mlio mwembamba wa kuomba msaada hausikii. Robo mzunguko baada ya robo mzunguko, yadi nzima inatoka na magari yanayopiga kelele za kufa, na yeye anafumba macho kwa raha.

"Nenda kamwambie Bwana Mikate," Kibodi akasema.

"Nikamwambie nini? Kwamba mzee hasikii? Nani asiyezeeka? Watamwonea huruma, watamletea na uji. Hapana, mama. Huyu ashikwe mkono ukiwa ndani ya injini."

Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi. Kibodi akafunga sensa kwenye ekzosi. Bwana Mikate akaja na shati lake la kutokea na magunia sita ya unga nyuma ya gari, yawe ndiyo mzigo. Safari hii nilisimama mlangoni mwa gari mpaka niliona kidole cha mjukuu wangu kikibonyeza, na kile kidoti chekundu cha kurekodi kikianza kupepesa.

"Kinaandika?"

"Kinaandika, Bibi. Mara kumi kwa kila sekunde."

"Mara kumi! Hata mimi siwezi kusengenya hivyo."

Wakaupanda mlima mrefu wenye kona, wakashuka, wakaupanda tena. Waliporudi Kibodi akahifadhi faili mbele ya macho ya Bwana Mikate, akalipa jina la tarehe na saa, akalinakili kwenye flashi. Mlimani kumi na mbili nukta nane, yadini kumi na nne nukta saba. Bwana Mikate akasema angependa kuyaona kwenye karatasi. Na mimi nilikuwa nimemwambia mapema Kibodi kwamba atapenda kuyaona kwenye karatasi, maana watu wa rika letu kitu kisichokunjika hatukiamini.

"Tutakwenda kuchapisha hapo ng'ambo ya barabara," Kibodi akasema kwa sauti. "Injini naiacha ingurume, ipate joto sawasawa."

Kompyuta hakuichukua. Alianza kurekodi upya, akashusha kifuniko chake, akaiacha ikifanya kazi ndani ya kiti cha abiria. Nasema ndani ya kiti. Kile kiti nilikuwa nimekivua ngozi tangu jana yake, nikakata sponji nafasi ya kutosha kompyuta na pumzi yake, na alipoiingiza tu nikalaza kitambaa kipya juu na kupiga nyuzi mbili tatu za kuzugia. Ungekikalia usingejua. Waya ulishuka chini ya zulia.

Kitu kingine nilichofanya hata Kibodi hakukijua. Nina chaki ya buluu ya kuchorea vitambaa. Usiku nilikuwa nimeisaga na tone la mafuta ya cherehani, na wao walipokuwa wanazungumza habari za karatasi, mimi nilijifanya naangalia injini kama wanavyoangalia wanawake, kwa mbali na kwa uso wa kushangaa. Juu ya injini kuna skrubu ya presha ya petroli, ile ile anayoizungusha Sikio, imezungukwa na nati ndogo ambayo lazima uilegeze kwa vidole kabla bisibisi haijafanya kazi. Nikaipaka nati kwa chini, kule ambako macho hayafiki na vidole vinafika.

Halafu nikampitia Sikio upande wa kulia, ule ulio hai.

"Shemeji," nikamwambia, "Bwana Mikate anasema toka azaliwe hajasikia injini tamu kama ile. Anasema hata zako hazijawahi kuimba vile."

"Alisema hivyo?"

"Mimi sijui mambo ya injini. Nilisikia tu nikipita."

Nikaenda kwenye cherehani yangu, nikaupa uwanja mgongo, nikaanza kukanyaga pedali bila uzi.

Kwenye kioo alionekana mdogo kama sisimizi. Alifuta bisibisi. Akaangalia geti. Akaangalia mgongo wangu, na mgongo wangu ukafanya uso wa kutojua kitu. Akasogea kwenye gari, akainama. Akavuta sikio la kulia, akafumba macho. Mkono mwingine ukaingia. Akabadilisha mkono, akavuta sikio tena, akazungusha, akavuta. Alifanya kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Kwa nukta moja nilimwona jinsi alivyokuwa zamani, yeye na mume wangu wameinamia injini moja, wanagombana nani amesikia vizuri. Nukta ikapita. Nikaendelea kukanyaga.

Bwana Mikate alirudi na karatasi mbili ameziinua kama cheti cha ndoa. Mafundi wakakusanyika, maana karatasi huwavuta watu kuliko nyama. Sikio akaja naye, mikono nyuma, akasimama katikati.

"Kabla ya kuondoka," Kibodi akasema, "nataka niangalie jambo moja." Nikamletea mkasi, akakata nyuzi zangu za kuzugia, akatoa kompyuta kwenye tumbo la kiti. Sufuria alisema, "Mama yangu! Kiti kimezaa!"

Kibodi akafungua kifuniko, akapitisha kidole kwenye skrini. Mstari wa namba ulikuwa umelala sawasawa kama mshono wangu, kisha mahali pamoja ukaruka.

"Saa nne na dakika kumi na saba," akasema. "Mpaka hapo, kumi na nne nukta saba. Hapa inaanza kupanda. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na sita nukta tatu, na haijashuka tena mpaka sasa hivi. Mtu amepunguza petroli. Saa nne na dakika kumi na saba mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa na mimi," Bwana Mikate akasema. "Unapewa karatasi. Mwenye mashine alikuwa ananirudishia chenji." Akageuka polepole. "Nani ameligusa gari langu?"

Mafundi wote wakaangalia viatu.

"Hizo mashine husema zinavyotaka," Sikio akasema. "Mimi niliapa mbele ya hawa wote. Gari la kompyuta siligusi."

"Kweli shemeji uliapa," nikasema, nikajisogeza mbele. "Mimi ni shahidi. Lakini shemeji, samahani nikuulize. Sikio lako limeota nini?"

Sikio lake la kulia lilikuwa la buluu. Si doa, lilikuwa buluu toka chini mpaka juu, limeiva, unaweza kulining'iniza dukani. Vidole vyake alikuwa amevifuta vizuri kwa kitambaa, maana fundi hufuta vidole. Nani anafuta sikio?

Alilishika. Hapo ndipo vidole vikawa vya buluu tena.

"Chaki yangu hiyo," nikasema. "Niliiacha chini ya nati ya skrubu ya petroli, inihifadhie nafasi."

Kicheko kilichotoka pale kilipeperusha njiwa juu ya bati. Sufuria alijishika kwenye nguzo. Mimi sikucheka. Nilikuwa sijamaliza.

"Pengine nilizungusha kidogo," Sikio akasema, akijaribu kutabasamu. "Kuisaidia. Mtoto ameijaza petroli. Isikilizeni sasa inavyopumua."

"Haya tuisikilize," nikamjibu. "Wewe ndiye Sikio."

Kibodi akapanda. Akavuta breki ya mkono, akatia gia, akaachia klachi nusu huku anakanyaga mafuta, gari na magunia yake ya unga likajikaza kama punda aliyegoma. Na injini ikalia. Ting, ting, ting, ting. Kokoto kwenye kopo. Mimi niliisikia, na masikio yangu yana umri wa kustaafu. Mpiga rangi aliisikia. Bwana Mikate, ambaye anajua unga tu, aliziba masikio, akasema, "Zima, zima, inaumia!"

Sikio alikuwa amefumba macho, ameshika sikio lake la buluu, anatikisa kichwa kwa raha. "Mnaona?" akasema. "Inaimba."

Hakuna aliyecheka tena. Kibodi akazima. Sikio akafumbua macho akatutazama mmoja mmoja, akajua kwamba kuna kitu sote tumekisikia na yeye hakukisikia. Nilimwona anavyokijua. Nilikuwa nimengojea uso ule miaka kumi na tisa, nami nikautazama wote, sikubakiza.

Nikaenda upande wake wa kulia, nikazungumza kwa sauti nzito ili asije akasema hakusikia.

"Sasa lori la mjenzi. La mume wangu. Nalo ulilisaidia?"

Akaangalia jiliwa mezani pake, akaangalia viatu vyake.

"Nilizungusha," akasema. "Robo tu. Shemeji, siku ile nilisikia. Lilipokuwa linatoka getini nilisikia ule mlio. Nikasema likienda mbali litaharibika. Sikulirudisha."

"Kwa nini?"

"Watu walikuwa wameanza kusema kaka ananizidi."

Basi. Hilo ndilo lilikuwa lote. Mtu amekufa mikono mfukoni kwa sababu watu walisema anamzidi mwenzake. Tena siku ile alisikia. Hii ya mjukuu wangu hakuisikia, na hilo ningeweza kulielewa nikiwa na siku nzuri. Lakini ile aliisikia. Nikamwambia ayarudie maneno yale kwa nguvu, maana Sufuria alikuwa amesimama nyuma. Akayarudia. Nikamwambia ataje na jina la ubini la mume wangu, lote, kama linavyoandikwa. Akalitaja. Mafundi wawili wazee waliokuwepo enzi zile walivua kofia.

Kibodi akarudisha skrubu mahali pake, namba ikashuka ikatulia kumi na nne nukta saba, akahifadhi na hilo nalo. Bwana Mikate akampa funguo za magari yote matatu palepale. Kisha mafundi wakaanza kusema Sikio afungashe, leo hii hii, na bisibisi yake.

"Hapana," nikasema.

Walinitazama kama nimeokoka.

"Kumfukuza ni jambo la dakika moja," nikawaambia. "Mimi nilikaa miaka kumi na tisa. Abaki. Ukubwa wa yadi aukabidhi, meza abaki nayo. Ila kila gari litakalopita mikononi mwake, kabla halijatoka, atalisukuma mwenyewe mpaka kwa Kibodi, litafungwa sensa, namba zitarekodiwa na kuhifadhiwa kwa jina lake. Na zitasomwa kwa sauti."

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Jiliwa liko kwenye meza ya mjukuu wangu. Sikio mwenyewe ndiye aliyelibeba, begani, na sijui ni nani alimkanda. Buluu ilichukua wiki mbili kutoka, kwa kuwa chaki yangu ni nzuri. Kila akimaliza gari hulisukuma kwa Kibodi, anasimama pembeni na kofia mkononi, na Kibodi anasoma namba. Mara nyingi hewa imezidi. Kibodi humwambia polepole, kwa adabu, "Babu, turudishe nusu," na yeye hurudisha nusu. Kuna mafaili sitini na mawili sasa. Nimemwambia asifute hata moja.

Watu wa dini wameshanifuata kuniuliza kama sioni imetosha, mzee wa watu, nimsamehe. Nimewajibu ukweli mtupu: nimeshamsamehe, mara mbili, na nilikwenda mpaka mezani kwake nikamwambia mwenyewe.

Nilisimama kushoto kwake.